Nilipe kozi ya akili mnemba au napigwa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari hapa Tabora mjini, cheti changu cha kompyuta ni cha 2012, Word na Excel basi. Siku hizi wanafunzi wananiletea insha zimenyooka mno, nahisi wanaandikiwa na akili mnemba, juzi mmoja kaandika eti Stanley alimkuta Livingstone hapa kwetu Kwihara! Sasa kuna jamaa anapita mashuleni anauza kozi ya akili mnemba ya wiki mbili, laki na nusu, ukimaliza anakupa cheti cha umahiri wa kidijitali. Nilipe?

JIBU: Mwalimu, hela usitoe kwanza. Umahiri wa kidijitali sio kujua programu fulani. Umoja wa Ulaya walitoa mwongozo wao, DigComp, mwaka 2013, na ule wa 2022 una umahiri 21 kwenye maeneo 5: kutafuta habari na kuipima, kuwasiliana, kutengeneza kazi zako, kujilinda na kutatua matatizo. Ulitoka Machi, ChatGPT, ile programu ya akili mnemba, ikaja Novemba mwaka huohuo, lakini hayo maeneo bado yanatufaa, tena hilo la kupima habari ndo limekuwa zito kuliko yote.

Angalia hiyo insha. Hizi mashine za akili mnemba zinaunga maneno kwa kukisia lipi huwa linafuata lipi, na Stanley, Livingstone na Kwihara kweli wako kwenye habari moja maana walifikia hapo baadaye, ila kukutana walikutana Ujiji, 1871, ndo maana kosa lenyewe linasomeka vizuri hivyo. Wewe umelidaka bila kozi yoyote! Mtu asiyejua historia hata umpe vyeti kumi lingempita.

Kilichobaki ni kuizoea tu hiyo akili mnemba. Iulize kwenye simu yako habari za watemi Mirambo na Isike, majibu yapeleke darasani, vijana wayakague na vitabu mkononi, na naomba sana majina na maksi zao usiziingize humo.

UNESCO nao 2024 walitoa miongozo ya akili mnemba, wa walimu na wa wanafunzi, unapakua bure kabisa, na ule wa walimu unaanza na binadamu kubaki ndo mwenye uamuzi. Huyo jamaa muombe mtaala wake ulinganishe na huo. Kama wiki mbili zote ni kuonyeshwa pa kubonyeza, laki na nusu yako nunulia bando.