Ada imefutwa, utoro unatoka wapi?

Mkuu unayesema ada ya shule hapa Tanzania ilifutwa tangu 2016 kwa hiyo mzazi kukosa kazi sio sababu ya mtoto kutokwenda shule, kilichofutwa ni ada tu. Dogo wa Mbagala, huku Dar, bado anahitaji daftari, viatu, nauli ya daladala na hela ya kula mchana, na ile bima ya kazini kwa baba ikishakatika malaria inatibiwa kwa panadol mpaka izidi. Mabinti ndo balaa zaidi, hana pedi anabaki home siku kadhaa kila mwezi, au anaachiwa wadogo zake mama akienda kuuza maandazi. Halafu wazee wakigombania hela usiku kucha, asubuhi mtoto kichwa kinamuuma kweli, hadeki huyo.