Usimruhusu fundi apasue sailensa ya WRX

Kaka, umeuliza kama fundi akipasua sailensa ya Subaru Impreza WRX yako na kung'oa vizuizi vya ndani, gari litanguruma vizuri na kuongeza nguvu. Nakusihi usimruhusu. Sailensa tupu hutoa kelele kavu, na kwenye safari ndefu mvumo wake utakuumiza kichwa.

Ule mngurumo wa Subaru hauzaliwi kwenye sailensa. Unatokana na manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini, yenye urefu usiolingana, kwa hiyo moshi wa silinda nne haufiki kwa mpigo sawa kwenye turbo (kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini). (Baadhi ya STI, yaani WRX zenye nguvu zaidi, za soko la Japani zina mabomba yanayolingana, chungulia lako kwanza.) Tafuta sailensa ya kupitisha moshi moja kwa moja: ndani ina bomba lenye matundu, limezungushiwa nyuzi za kioo zinazonyonya sauti.

Nguvu ni habari nyingine. Kinachobana zaidi ni bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo. Ukilibadilisha, presha ya turbo inaweza kupanda kupita kiasi na kuvunja pistoni, hivyo kompyuta ya injini lazima ipangwe upya. Fedha isipotosha, badilisha sailensa tu.