Kupanga wiki ya nyumbani kaskazi ikiisha

Dada, umeuliza upangeje wiki sasa kaskazi inalegea na masika yanakaribia hapa Tanga, nawe una watoto wa shule. Ratiba ya siku maalumu kwa kila kazi itakuvunjia moyo. Panga kwa jua: likitoka, kazi zake zitangulie; kupiga pasi na kupanga makabati kutasubiri mvua.

Wiki hii anza na akiba. Anika maharage na choroko kwenye mkeka, tabaka jembamba, saa nne hadi saa tisa, siku mbili. Yaache yapoe kabisa ndipo uyatie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukifunika yakiwa na moto, mvuke hugeuka maji ndani na ukungu huanzia hapo. Mchele usiuweke juani, utakatikakatika. Uchambue na uupepete tu. Gunia la mkaa liinue juu ya matofali.

Kufua, gawa mara tatu kwa wiki, mafungu madogo. Sare zifuliwe Ijumaa mara watoto warudipo, zipate siku mbili za kukauka. Tundika kwa nafasi barazani. Zikibanana hutoa uvundo hata kama sabuni ilikuwa nyingi.

Jumamosi ni ya mapipa ya maji, na hapa usilegeze. Kumwaga maji hakutoshi: mayai ya mbu wa dengue hunata kwenye kuta za ndani za pipa, kwa hiyo sugua kwa brashi, kisha funika. Yai hufika kuwa mbu kwa takriban siku saba hadi kumi, ndiyo maana ni kila wiki.