Vichaka visivyosumbua uwanjani: usinunue kwa ua, nunua kwa upana

Mkuu, nimesoma swali lako lote: nyumba iko Goba, Dar es Salaam, ukarabati umeisha, mafundi wameua ukoka wote, ukuta wa mbele una mita 12, kuna kipande chini ya madirisha ya sebuleni na kingine nyuma ya jiko, unatoka alfajiri unarudi usiku, na muuza miche ameshakupigia hesabu ya miche 40 kwa huo ukuta peke yake. Unataka vichaka visivyohitaji mtu wa kuvikata kila wiki. Nina uwanja wangu huku huku, na nimewasaidia ndugu kupanga wa kwao Kigamboni na Tanga, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Hiyo miche 40 achana nayo. Usumbufu wa kichaka unaamuliwa siku ya kuchimba shimo, jina la mmea linafuata baadaye. Kikipata nafasi inayolingana na upana wake kikikomaa, kinajipanga chenyewe, unakipogoa mara mbili kwa mwaka basi. Ukikibana, utashika mkasi mpaka uchoke, na bado chini patabaki vijiti vitupu, majani yote yamekimbilia juu kutafuta jua. Muuza miche anapima kwa kuangalia kiriba, yaani ule mfuko wa plastiki wa mche. Siwalaumu, ndiyo biashara yao, na jioni ile ile ukuta unapendeza kweli. Lakini wewe pale kitaluni uliza kwanza: huu ukiachwa, unatanuka kiasi gani? Asipojua, kautafute uliokomaa uwanjani kwa mtu, uupime kwa hatua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mmea unaotanuka mita 1.5, mfano krotoni za kawaida. Mita 12 ukigawa kwa 1.5 unapata 8. Mche wa kwanza unakaa sentimita 75 kutoka kona, mingine inafuata kila baada ya mita 1.5, wa mwisho nao unabakiwa na sentimita 75 zake. Kutoka ukutani acha nusu ya upana halafu ongeza sentimita 30 hivi, yaani kama mita 1. Piga vigingi, funga kamba, simama getini uangalie kabla ya kugusa jembe. Hiyo nafasi ya nyuma watu wengi huiona hasara, ila ndiyo utakayopita ukija kupaka rangi, ndiyo inayopitisha upepo ukuta usishike ukungu, na kwa upande wa nyumba ndiyo inayokuwezesha kuona njia ya mchwa wakianza kupanda kuelekea kwenye kenchi.

Mwaka wa kwanza patakuwa na uwazi unaoudhi, na wageni watakuuliza kama hela iliisha. Panda kunde katikati, au mchicha, au mrehani. Kunde zinafunika ardhi, zinarutubisha udongo, na mboga unakula. Vichaka vikianza kukutana, unang'oa.

Sasa mimea. Bogenvilia utashauriwa na kila mtu, na kwa kweli inavumilia jua, ukame na chumvi ya bahari. Kigamboni sikuona kinachoishinda. Tena ukiimwagilia sana inatoa majani tu bila rangi. Ila kwa ukuta wako, wenye geti na gari linalopita, hapana. Moja ikiachwa inaweza kutanuka mita 4 au 5, ina miiba, na yale majani yake ya rangi hudondoka kwa msimu na kuziba gata, yako na ya jirani. Kama roho inaipenda, weka moja tu kwenye kona ya mbali, mita 2.5 kutoka njia yoyote ya kupita, uiache ifanye itakavyo.

Duranta ya njano, ile inayokatwa ikawa mraba, ni ya mwenye mtunza bustani. Mvua zikinyesha inataka mkasi kila baada ya wiki mbili tatu, na ukiiacha inazaa vitunda vya njano ambavyo ni sumu kwa watoto. Oleanda haikuombi maji wala mbolea, lakini mmea mzima ni sumu, kuanzia jani mpaka ua. Penye mtoto anayetambaa au mbuzi wa jirani mimi siipandi. Mnyaa hivyo hivyo, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

Kwa ukuta wa mbele ningeweka krotoni na akalifa nyekundu. Akalifa ipe hata mita 1.8, inatanuka zaidi. Hizi hazina ua la kusifiwa, rangi iko kwenye majani, kwa hiyo mwaka mzima panaonekana vilevile. Haibiskasi weka moja tu, mahali unapopita kila siku, kwa sababu ya vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Dalili ya kwanza ni sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina. Wafuate mpaka kwenye ncha: utakuta majani machanga yamejikunja, na ukiyafunua kuna unga mweupe umeganda kwenye makwapa ya majani. Kata hizo ncha uzichome, nyunyiza maji ya sabuni jioni, rudia baada ya siku chache. Ukiwa na moja unaiona mapema. Ukiwa na 8 nyuma ya gari, unashtuka zote zimeisha.

Chini ya madirisha panahitaji maneno zaidi, maana ndipo watu wanapopoteza hela baada ya ukarabati. Iksora fupi ndiyo ya hapo: inaishia sentimita 60 mpaka 90, haizibi dirisha, inatoa maua karibu mwaka mzima. Nafasi sentimita 70 kati ya mche na mche, na sentimita 60 kutoka ukutani. Tatizo ni kwamba mafundi karibu wote huchanganyia zege na kumwaga mabaki ya saruji hapo hapo chini ya ukuta. Iksora inataka udongo wenye uchachu, saruji inaondoa uchachu. Baada ya miezi michache utaona majani mapya yamekuwa ya njano huku mishipa yake imebaki ya kijani, mchoro mzima wa jani unausoma. Dukani utauziwa mbolea ya yurea. Haitasaidia, kwa kuwa kinachokosekana hapo ni madini ya chuma, na kwa kawaida yamo udongoni, ila saruji imeyafunga mizizi isiyapate. Dawa ni sururu. Chimba kila shimo sentimita 50 kwenda chini na 50 kwa upana, toa kila kipande cha lipu na tofali, weka udongo wa juu kutoka sehemu nyingine ya kiwanja, changanya na samadi iliyooza vizuri. Kama vifusi ni vingi kiasi cha kukatisha tamaa, acha iksora, weka bogenvilia fupi kwenye vyungu.

Na tusisahau ya kwetu. Mhina unastahimili jua na mchanga, na kwa uzio unaupanda kila sentimita 50 au 60, ukishikana unakatwa mara chache. Akina mama wa mtaani watakupunguzia majani bila kuitwa. Asumini inapenda maji, kwa hiyo iweke karibu na bomba au baraza, uipe mita 1.5. Mkilua ni mmea wa misitu ya pwani yetu hii, Kenya na Tanzania, unakua taratibu, unapenda kivuli chepesi, na harufu ya ua lake haina mpinzani. Vitalu vingi hawana, uliza watu wa Tanga. Wenye uwanja Moshi au Arusha wana masale, ule mmea wa uzio wa Wachaga, hao hawana haja ya kusoma uzi huu.

Karo la maji taka: ndani ya mita 3 usipande kichaka chochote, nyasi tu. Bomba la maji lifahamu linapopita kabla hujachimba. Pembeni mwa geti weka kitu kisichozidi kiuno, uone barabara unapotoka na gari.

Ukinunua, chana kiriba uangalie mizizi. Ikiwa imejizungusha, ikate kwa wembe sehemu tatu nne na uitanue, la sivyo itaendelea kuzunguka ardhini na mche utadumaa. Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka shina, tandaza majani makavu lakini yasiguse shina, mchwa wanapenda. Kwa kuwa hushindi nyumbani, mwagilia mara mbili kwa wiki tu, nusu ndoo ya lita 20 kila mche, taratibu mpaka izame. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunafanya mizizi ikae juu juu, na Januari jua linaimaliza.

Masika ndiyo wakati wako. Chimba mashimo Februari, uyaache wazi, nunua miche mvua ikishashika, si ile ya kwanza ya Machi inayonyesha siku mbili na kupotea. Kile kipande cha nyuma ya jiko ulichokitaja sijakigusa kwa sababu hujasema kinapata jua saa ngapi. Weka vipimo na picha ya saa sita mchana.