Kibali cha mazishi na mkopo wa binti

SWALI: Dada, salamu nyingi kutoka Masasi. Binti yangu amepata nafasi ya kusomea ualimu Dodoma. Bodi ya Mikopo imempa hela ya kula na kulala, ila ada imempa kidogo, zaidi ya nusu natakiwa nilipe mwenyewe. Baba yake alifariki 2019, na mimi nategemea ekari mbili za korosho. Kwenye maombi tuliambatisha kibali cha mazishi. Majirani wanasema rufaa ni kupoteza muda, bora niuze shamba. Wewe unasemaje?
Mama wa watatu

JIBU: Shikamoo mama yangu. Shamba usiliguse kwanza.

Nilikaa miaka sita kwenye dawati la mikopo la chuo kimoja, na karatasi kama hiyo yako nimeipokea mara nyingi: imekunjwa mara nne, muhuri wa mtendaji umeanza kufifia. Ile ilikuruhusu kuzika, basi. Bodi inataka cheti cha kifo, tena kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo (wenzetu wa Zanzibar wanahakiki kwa wakala wao, ZCSRA). Kijiji kizima kinajua mumeo hayupo, lakini kwenye mfumo binti yako bado ana baba, na uhitaji wake umepimwa hivyo hivyo.

Nenda kwa msajili wa vizazi na vifo, ofisi za wilaya. Kama alifia hospitali, omba huko karatasi ya tangazo la kifo. Kama alifia nyumbani, anza na barua ya mtendaji wa kijiji. Kwa kuwa miaka imepita utaulizwa maswali na utalipia kuchelewa, usikasirike. Ukishika cheti, angalia jina herufi kwa herufi. Likiwa “Saidi” hapa na “Said” kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, lisahihishwe kabla hujatoka mlangoni. Kuna kijana nilimwona akihangaika muhula mzima kwa herufi moja.

Rufaa yenyewe haina nauli. Bodi hufungua dirisha baada ya kutangaza waliopangiwa, na binti anajaza kwa simu kwenye akaunti ile ile aliyoombea. Dirisha halikai wazi muda mrefu, kwa hiyo cheti kianze kutafutwa wiki hii. Nimeshasoma rufaa za kurasa tatu za machozi zisizo na kiambatisho hata kimoja! Aandike sentensi mbili, aweke cheti. Na kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iwemo, wengi huisahau.

Wakati mnasubiri, aulize ofisi ya uhasibu ya chuo kuhusu kulipa kwa awamu. Vyuo vingi vinakubali, na bahati nzuri minada ya korosho huanza Oktoba, vyuo navyo vinafunguliwa majira hayo hayo.

Kuhusu hela ya kula, wanayoiita bumu: tangu 2022/2023 ni Sh 10,000 kwa siku, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Huingia kwa mkupuo wa takriban miezi miwili, na mwanafunzi asiposaini haimfikii. La kwanza lina tabia ya kuchelewa. Langu lilichelewa wiki tatu, nikaishi kwa chai na andazi moja jioni. Mfungie unga na maharage, na kiasi kidogo kwenye simu. Halafu, mama, nisamehe nikilisema: laki sita zikiingia usimpigie kuomba ya mbolea. Ile ni siku sitini za kula.

Ni mkopo, atalipa. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na faini ya asilimia 10 ya kuchelewa kulipa, vilivyowatesa wa rika langu, vilifutwa 2021.

Kile kibali cha mazishi usikitupe. Nenda nacho kwa msajili.