Hakuna hilfu katika Uislamu: vipi basi Mtume aliisifu Hilful-Fudhul?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Sisi watu wa ukoo mmoja tuna chama cha kusaidiana katika mazishi, harusi na maradhi. Karibuni wazee wameongeza sharti: mwanachama akigombana na mtu wa nje, sote tusimame upande wake. Tumeliapia kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kijana mmoja akapinga kwa hoja kwamba Mtume (s.a.w.) amesema hakuna hilfu, yaani muungano wa kuapiana, katika Uislamu, na kwamba huo ni ujahili wa Mabedui waliokuwa wakivamiana. Mzee wetu akamjibu kuwa Mtume mwenyewe alihudhuria Hilful-Fudhul, hilfu moja ya Makka kabla ya Uislamu, na akaisifu. Nani ana haki?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila mmoja ameshika nusu.

Hadithi aliyoitaja kijana ni sahihi. Ameipokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Jubayr bin Mut'im (r.a.), lakini ina sehemu ya pili ambayo hakuisoma: "Hakuna hilfu katika Uislamu, na hilfu yoyote iliyokuwapo zama za Jahiliya, Uislamu haukuizidishia ila nguvu." Maneno hayo mawili hayagongani kwa anayejua Waarabu walikuwa wakiapiana kwa ajili ya nini.

Sehemu kubwa ya Bara Arabu wakati ule haikuwa na serikali wala kadhi wa kumshitakia jirani yako. Mali ya Bedui ni ngamia, na ngamia hutembea. Ukame ukizidi, kabila lenye njaa huwavamia wenye mifugo alfajiri na kuondoka nayo. Mara nyingi shabaha ilikuwa mali, si roho. Lakini damu moja ikimwagika, hesabu inageuka ya kisasi, na kisasi hakina mwisho. Ndiyo maana kabila dogo lilitafuta kubwa wakaapiana: adui yako ni adui yangu, damu yako ni damu yangu. Mwaka unaofuata hao hao huenda wakawa maadui.

Vita vya Basus vilianza kwa ngamia jike mmoja. Kulayb, mkubwa wa kabila la Taghlib, alimpiga mshale ngamia aliyekuwa katika himaya ya bibi mmoja aitwaye Basus; Jassas wa kabila la Bakr akamuua Kulayb, ambaye alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Bakr na Taghlib ni watoto wa baba mmoja, Wail. Wapokezi wa habari za Waarabu wanasema waliuana miaka 40. Na mshairi wa Kiarabu Durayd bin as-Simma aliueleza msimamo huo bila haya: yeye ni mtu wa Ghaziya, jamaa zake, tu, wakipotea atapotea nao, wakiongoka ataongoka nao. Sharti la wazee wako, ndugu yangu, ni ubeti huo huo umeandikwa kwa lugha ya katiba ya chama.

Sasa tuje kwa Hilful-Fudhul, maana mzee ameitaja bila kueleza sababu yake, na sababu ndiyo hukumu yenyewe. Mfanyabiashara wa kabila la Zubayd, kutoka Yemen, alileta bidhaa Makka. Al-As bin Wail wa ukoo wa Banu Sahm akazichukua na akakataa kulipa. Yule mgeni akawaendea washirika wa Banu Sahm katika muungano ulioitwa Ahlaf, kina Makhzum, Abdud-Dar na wenzao, kuomba haki yake. Walimfukuza. Kwa nini? Kwa sababu Al-As ni mwenzao, na wameapiana. Akapanda jabali Abu Qubays, akawalilia Maquraishi kwa mashairi wakiwa wamekaa kando ya Kaaba. Akainuka Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume, na koo kadhaa zikakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an: Hashim, Muttalib, Asad, Zuhra na Taym. Wakaapa kwamba hatadhulumiwa mtu Makka, mwenyeji wala mgeni, ila watakuwa mkono mmoja pamoja naye mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakamwendea Al-As, wakaichukua mali na kuirudisha.

Mtume (s.a.w.) alikuwapo, kijana wa miaka kama 20. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira, amepokea kwamba baadaye Mtume alisema asingependa kubadilisha mkataba ule kwa ngamia wekundu, mali ya thamani kubwa kwa Waarabu, na kwamba lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu angeitika.

Ona basi: katika kisa kimoja mna hilfu mbili. Moja ilimlinda dhalimu kwa kuwa ni mwenzao. Ya pili ilimlinda mgeni asiye na jamaa Makka. Mzee ameitaja ya pili ili ahalalishe ya kwanza.

Mjukuu wa Mtume, Husayn bin Ali (r.a.), aliitumia hilfu hiyo Waislamu wakiwa na dola. Aligombania mali na al-Walid bin Utba, gavana wa Madina, akamwambia: nitendee haki, la sivyo nitashika upanga wangu nisimame msikitini kwa Mtume niite Hilful-Fudhul. Abdullah bin az-Zubayr akaapa kusimama naye, na wengine wakasema vivyo hivyo. Gavana akatoa haki.

Anas bin Malik (r.a.) naye alipoulizwa kuhusu ile hadithi ya "hakuna hilfu", alijibu kwamba Mtume aliwaunganisha kwa hilfu Maquraishi na Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, nyumbani kwake yeye Anas. Hii imo katika Bukhari na Muslim. Mwanachuoni Ibn al-Athir akafafanua: iliyokatazwa ni hilfu ya fitina, vita vya makabila na uvamizi, ya kumnusuru aliyedhulumiwa na kuunga udugu ndiyo iliyopewa nguvu. Mwanachuoni mwingine, An-Nawawi, ameongeza kuwa kurithiana kwa hilfu kumefutwa.

Na mali iliyopatikana kwa uvamizi kama ule aliouataja kijana? Mughira bin Shu'ba kabla ya kusilimu aliwaua wenzake wa safari akachukua mali zao, kisha akaja kusilimu. Mtume akamwambia, kama ilivyo katika Bukhari: Uislamu wako naukubali, ama mali sihusiki nayo kabisa.

Kwa hiyo chama chenu cha mazishi, harusi na maradhi ni kheri, endeleeni nacho. Kijana amekosea akikiita ujahili chote. Lakini lile sharti liondolewe. Mwenzenu akidhulumiwa, simameni naye. Akidhulumu, Mtume ameshaeleza namna ya kumnusuru: mzuieni na dhuluma yake. Mkitaka kuandika kitu, andikeni hivyo.

Ama kiapo, hakiwafungi kutenda dhuluma. Amesema Mtume, kwa mapokezi ya Muslim, kuwa mwenye kuapa kisha akaona jambo jingine ni bora, afanye lililo bora na atoe kafara. Kafara imetajwa katika Suratul-Maida, aya ya 89: kulisha masikini 10 kwa chakula cha wastani mnachowalisha watu wenu, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyeweza afunge siku 3. Kila aliyeapa akavunja ana kafara yake mwenyewe, wala isitolewe kwenye mfuko wa chama bila ridhaa ya waliochangia.

Wallahu a'lam.