Vidonda vya kulalia ICU: wauguzi wanauliza

Kila mwaka tunawapa wauguzi wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) semina ya siku nzima, lakini vidonda vya kulalia haviishi. Tatizo nini?

Somo linaishia ukumbini. Lipelekeni kitandani. Wauguzi wawili wampime mgonjwa mmoja kwa kipimo cha Braden, yaani cha hatari ya kupata vidonda vya kulalia, kila mtu kivyake, kisha walinganishe. Kipimo kina vipengele 6, jumla yake 6 hadi 23. Alama zikipungua hatari inazidi, na kuanzia 18 kushuka mgonjwa yuko hatarini. Mmoja akitoa 11 na mwenzake 15, tafuteni walipopishana, maana hapo ndipo pa kufundishia. Tena msiishie kwenye jumla. Wagonjwa wa mashine ya kupumulia karibu wote wana alama ndogo. Kinachowaambia la kufanya ni kipengele kilichoshuka: unyevu, lishe, au mgonjwa kuteleza kitandani.

La pili ni makabidhiano ya zamu. Anayeondoka na anayeingia wamgeuze mgonjwa pamoja, wafunue, waangalie kisogo, mabega, viwiko, juu ya makalio, nyonga na visigino. Kuandika "ngozi iko sawa" bila kumgeuza mgonjwa ni kosa linaloficha vidonda vingi, na lisivumiliwe.

Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu. Tutajuaje kidonda kinaanza?

Kwa macho na mikono. Washa taa, futa jasho na mafuta, linganisha na ngozi ya jirani: pameiva, pamekuwa peusi zaidi au zambarau? Gusa kwa mgongo wa vidole, usikie kama pana joto au ubaridi kuliko pembeni. Kisha bonyeza taratibu: pamekuwa pagumu, pamevimba, au panabonyea kupita kawaida? Zambarau kwenye ngozi ambayo haijachubuka huweza kumaanisha nyama ya ndani imeshaumia, kwa hiyo toa taarifa saa hiyohiyo. Usipasugue wala kupakanda, unaongeza madhara.

Mgonjwa yuko kwenye noradrenalini (dawa ya kupandisha presha), tukimgeuza presha inashuka. Tumwache?

Msimwache chali zamu nzima. Mgeuzeni polepole, kidogo kidogo, mkiangalia monita. Presha ikiyumba, na daktari ameridhia, mpeni kama dakika 10 kabla ya kusema hawezi, wengi hutulia. Akishindwa kweli, hamisheni kichwa, inueni visigino, sogezeni mto kidogo chini ya nyonga, halafu mjaribu tena ndani ya zamu hiyo.

Anayevumilia alazwe ubavu wa nyuzi 30, si 90, kwa kuwa 90 inamlaza juu ya mfupa wa nyonga. Mto ukishawekwa, pitisha kiganja chini ya makalio uhakikishe mfupa haugusi godoro. Na kabla ya kuinua upande wa kichwa, inua kwanza magoti, la sivyo mwili unateleza huku ngozi imeng'ang'ania shuka.

Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino zinasaidia?

Hapana. Eneo ni dogo, na mguu unateleza. Weka mto chini ya shavu lote la mguu, goti likunjike kidogo, kisigino kining'inie. Karatasi ikipita chini yake bila kukwama, umepatia.

Tuna godoro la hewa. Bado tugeuze?

Ndiyo. Hakikisheni pampu imewekwa kwa uzito wa mgonjwa na bomba halijakunjika. Ingiza kiganja kati ya godoro hilo na la chini yake, usawa wa makalio: ukihisi makalio, hewa haitoshi. Shuka moja na pedi moja vinatosha. Makintoshi (shuka za mpira) na mashuka matatu juu yake huhifadhi jasho na kuifanya hewa isiwe na kazi.

Na vidonda vya midomo na pua?

Hivyo husababishwa na vifaa. Angalia ngozi chini ya kila kifaa angalau mara 2 kwa siku. Mrija wa kupumulia hamishieni upande wa pili wa mdomo, wawili mkiwepo, mmoja ameushika muda wote, na someni alama ya sentimita kabla na baada. Plasta ya mrija wa chakula isiuvute juu ukalibana tundu la pua.